Shajara ya mradi: Garratt na Mchongoko ndani ya Simutrans

Kuanza

Haya, nimeanza rasmi. Simutrans nimeicheza miaka sasa na kila nikitengeneza ramani yenye Dar, Moro na Dodoma naishia pale pale, reli iko fresh, stesheni zimekaa vizuri, alafu kinachopita juu yake ni kichwa cha Kijerumani au treni ya Kijapani. Si vibaya, zimechorwa na watu wanaoijua kazi, ila macho yanakataa kabisa. Kwahiyo mradi ndo huu, nachora magari ya kwetu, nianze na mawili tu: Garratt la daraja la 59, lile dude la mvuke lililokuwa linapandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na Mchongoko, ile EMU (treni ya umeme yenye mota ndani ya mabehewa yake yenyewe) ya SGR, reli mpya ya upana wa kawaida, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma tarehe 1 Novemba 2024. Moja la kale moja la juzi, yakikaa kwenye ramani moja nitalala vizuri.

Kwa asiyeijua, Simutrans ni gemu ya bure ya usafirishaji, aliianzisha Hansjörg Malthaner mwaka 1997, na utamu wake ni kwamba gari jipya unaliongeza mwenyewe bila kugusa msimbo (code) wa gemu. Unahitaji picha ya PNG, faili la maandishi linaloishia na .dat, unavipitisha kwenye kiprogramu kinachoitwa makeobj, kinakutolea kifurushi cha .pak, unakitupia kwenye folda, ukifungua gemu gari lako lipo depo. Picha hizo hizo zinazotembea kwenye ramani ndo zinakuwa ikoni kwenye orodha ya depo, yaani ukichora vibaya aibu inaonekana sehemu mbili.

Nachorea GIMP. Bure, inafanya kazi kwenye laptopu yangu kuukuu, na sina hela ya kulipia programu kila mwezi.

Ukubwa wa kazi, au tuseme udogo wake

Natumia pakiti ya pak128, maana yake kila picha inakaa kwenye kisanduku cha pikseli 128 kwa 128. Ukisikia 128 unaona ni nafasi kubwa, sasa piga hesabu. Urefu wa kawaida wa behewa kwenye .dat ni 8, na kigae kimoja cha ramani ni 16, kwahiyo behewa ni nusu kigae. Likitazamwa ubavuni, treni inaenda kushoto au kulia moja kwa moja kwenye skrini, behewa zima linapata pikseli 45 hivi. Arobaini na tano! Behewa la mita 25 linaingia hapo, kila pikseli inabeba zaidi ya nusu mita, dirisha ni pikseli mbili ukibahatika.

Ndo maana wazo la kuchukua picha ya simu, kukata treni, kuipunguza na kuibandika, halifiki popote. Nimejaribu kwa picha safi kabisa ya ubavu wa behewa, GIMP ikipunguza inachanganya rangi za jirani, dirisha na bodi na kivuli vinakuwa uji mmoja wa kijivu. Ukizima ule uchanganyaji unapata pikseli zilizookotwa bila mpango, dirisha moja lipo linalofuata halipo. Picha inabaki ya kuangalizia tu. Hiyo pia inaniondolea kesi ya leseni, maana picha nyingi nzuri za Garratt zina masharti ya mpigaji, na mimi nataka kifurushi nikigawe bure bila mtu kunifuata.

Kingine, kila gari linahitaji pande nane: kusini, kaskazini, mashariki, magharibi na pembe zake nne. Ila kama gari mbele na nyuma ni sawa, picha nne zinatosha, gemu yenyewe inazirudia kwa upande wa pili. Mabehewa ya katikati ya Mchongoko nitafanya nne, behewa la mwisho lenye pua lazima nane.

Jumapili usiku, uwazi

Hapa ndo penye mradi wenyewe, mengine yote ni kuchora tu.

Simutrans kwa njia yake ya asili haiangalii alfa, ile sehemu ya picha inayosema kila pikseli ina uwazi kiasi gani. Ina rangi moja ambayo ikiiona inasema hapa hakuna kitu, nayo ni 231,255,255, ukiiandika kwa hex ni E7FFFF, samawati iliyopauka hadi karibu na nyeupe. Pikseli ikiwa na rangi hiyo hasa, inatoweka. Ikiwa 230,255,255 inabaki na inaonekana. Hakuna nusu nusu. Matoleo ya siku hizi yanasoma hata PNG yenye alfa lakini mimi nimebaki na njia ya zamani, kifurushi kifunguke hata kwa mwenye toleo la miaka iliyopita, na kwa vitu vidogo hivi ukingo mkali unasomeka vizuri kuliko uliofifishwa.

Sasa tatizo. Programu za picha zote zimezoea kulainisha kingo, ukichora mstari wa maruni juu ya E7FFFF kwa brashi ya kawaida, pale maruni inapokutana na bakigraundi GIMP inaweka pikseli za rangi ya katikati, maruni iliyopauka, alafu nyingine iliyopauka zaidi. Kwenye GIMP inapendeza. Kwenye gemu bakigraundi inaondoka, zile za katikati zinabaki kwa sababu hazifanani na E7FFFF, na treni yako inatembea juu ya majani mabichi ikiwa na utando mweupe pembeni mzima mzima. Ukivuta zumu asilimia 800 unaziona zimejipanga, moja moja, kama meno.

Utaratibu niliokaa nao baada ya kuhangaika:

Nachora kwenye leya yenye alfa ya kweli, bila E7FFFF kabisa. Chini yake naweka leya ya pinki kali, ile inayoumiza macho, ili nione kila kilichochungulia. Natumia penseli na sio brashi, penseli ya GIMP haina ulaini, pikseli inapakwa au haipakwi. Nikimaliza naingia kwenye menyu ya leya, sehemu ya uwazi, kuna amri ya kukata alfa kwa kizingiti, unaipa nusu, kila pikseli inaambiwa uwe mzima au usiwepo. Hapo ndo nafuta pinki, naweka leya ya E7FFFF chini, nabana leya zote kuwa moja, naeksipoti PNG. Faili la XCF, la GIMP yenyewe, lenye leya zake nalisevu pembeni, hilo halifutwi kwa hali yoyote.

Kukagua ni rahisi. Fungua PNG iliyotoka, chagua kwa rangi E7FFFF, kizingiti kiwe sifuri, geuza uchaguzi, jaza nyeusi. Unabaki na kivuli cha treni. Kukiwa na utando utaona kivuli kimevimba au kina vipele. Kizingiti kukiweka sifuri si hiari, GIMP inakuja na 15, na kwa 15 inabeba hata rangi nyepesi za bodi ya behewa zilizo jirani na E7FFFF.

Na ni kuchagua kwa rangi, sio ile fimbo ya kugusa eneo. Fimbo inachukua kilichoungana tu. Garratt limejaa matundu, katikati ya magurudumu, chini ya boila, kati ya tangi na kabini, na kila tundu ni kisiwa chake, fimbo inaviruka vyote alafu matundu nayo yanajazwa nyeusi tumboni mwa treni.

Garratt linakatwa vipande

Daraja la 59 lilijengwa na Beyer, Peacock pale Manchester mwaka 1955 na 1956, vichwa 34, vyote vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mount Gelai, namba 5918, bado lipo makumbusho ya reli Nairobi, na mshikaji wangu mmoja wa huko amenitumia picha zake kutoka kila upande hadi chini ya vyuma, Mungu ampe maisha marefu. Uzito tani 250 na ushei, kwenye reli ya mita moja tu! Kulikuwa hakuna kichwa cha mvuke cha nguvu zaidi kwenye reli ya upana huo.

Sasa, Garratt si gari moja. Mbele kuna seti ya magurudumu na tangi la maji juu yake, nyuma kuna seti nyingine na tangi la mafuta, maana hizi zilikuwa zinachoma mafuta na sio makaa, na katikati boila na kabini vimening'inia kati ya hizo seti mbili. Kwenye kona kila seti inajigeuza kivyake. Ukilichora kama kipande kimoja kirefu kwenye Simutrans, likifika kona linakatiza majani kama mbao iliyobebwa kichwani, mbele iko reli hii nyuma iko nje.

Kwahiyo nimelikata walivyolikata wenyewe waliolijenga. Urefu wake ni mita 31 na kitu, kwa kipimo changu cha mita 25 kwa 8 inakuja 10, nimegawa 3 mbele, 4 katikati, 3 nyuma. Magari matatu kwenye .dat, yamefungwa kwa zile mistari ya constraint, kwamba cha mbele lazima kifuatwe na cha kati na cha kati lazima kifuatwe na cha nyuma, bila hivyo msafara hautoki depo. Moshi nimeuweka kwenye kipande cha kati maana ndiko bomba liliko. intro_year=1955, retire_year=1980, mwaka huo yalikuwa yameshaondolewa kazini.

Likipita kona sasa, aisee. Nimelizungusha kwenye kiduara cha majaribio muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Kero iliyobaki ni depo. Kipande cha mbele kikiwa peke yake kwenye orodha kinaonekana behewa la tangi, mtu asiyejua atakipita. Suluhisho langu, kwenye picha ya ubavu nimeacha ncha ya boila pikseli tatu zichungulie nyuma ya tangi la mbele, zile zile ambazo kipande cha kati kinazifunika vikiunganishwa. Sio safi sana kiufundi, lakini ikoni sasa inasema "mimi ni mwanzo wa kitu".

Kuhusu upana wa reli nimejadiliana na nafsi. Simutrans ina reli ya kawaida na reli nyembamba kama vitu viwili tofauti, na gari la moja haliingii kwenye nyingine. Garratt nimeliweka kwenye nyembamba, Mchongoko kwenye ya kawaida. Kuna watakaolalamika maana reli nyembamba ya pak128 watu wanaichukulia ya vitreni vya migodini, lakini kwetu MGR (reli ya zamani ya mita moja) na SGR ndivyo zilivyo, zinapita sambamba na hakuna treni inayohama, sasa kwa nini gemu idanganye.

Paa linalowaka

Kifurushi cha kwanza cha majaribio nimempa jamaa wa Kihonda anayecheza sana usiku, namaanisha usiku wa ndani ya gemu. Akajibu: mabehewa yako paa linawaka taa, umeweka disko?

Nikacheki, kweli. Ramani imeingia giza, treni imefifia kama inavyotakiwa, paa peke yake linang'aa. Chanzo ni kwamba Simutrans ina rangi za pekee, mbali na ile ya uwazi. Kuna kijivu tano hazififii usiku: 6B6B6B, 9B9B9B, B3B3B3, C9C9C9 na DFDFDF. Ni za taa za barabarani na vitu vya namna hiyo. Na kijivu cha paa ni 6B6B6B, rangi ambayo mkono wowote unaweza kuiokota kwenye paleti bila habari. Dawa yake inachekesha kwa udogo, 6C6C6C, jicho halioni tofauti, gemu inaona.

Halafu kuna bluu nane, kuanzia 244B67 ya giza hadi B0D2FF nyepesi, hizo ni za rangi ya kampuni ya mchezaji. Ukizipaka, mchezaji mwenye kampuni nyekundu anaona mstari mwekundu. Na njano nane nyingine zinazofanya hivyo hivyo kwa rangi ya pili ya kampuni. Kwa treni zetu ambazo rangi zake zinajulikana hiyo ni mitego, lakini nimezitumia makusudi kwenye behewa moja la abiria la ziada, mchezaji aliyeanzisha shirika lake apate mstari wa rangi yake.

Rangi ya pekee ninayoipenda ni 57656F. Mchana ni kijivu cha bluu iliyozama, kioo kabisa. Usiku inageuka njano ya taa za ndani. Madirisha yote ya Mchongoko nimeyapaka hiyo, pikseli mbili mbili, na ikifika giza treni nzima ya mabehewa nane inapita kama uzi wa taa. Garratt halina dirisha zaidi ya la kabini, hapo pikseli moja tu, dereva yupo kazini.

Nimetengeneza leya ya ukaguzi yenye rangi zote za pekee zimepangwa pembeni, kabla ya kueksipoti nachagua moja moja kwenye mchoro nione kama imejipenyeza. Inachosha. Ila ni bora kuliko disko.

Pantografu

Mchongoko unakula umeme wa kilovolti 25 kutoka waya wa juu, kwahiyo lazima awe na pantografu, na kwa kipimo hiki pantografu ni mstari wa pikseli moja uliokunjwa kama goti. Hapa hakuna mahali pa kujificha. Kwenye picha za kusini na magharibi, zinazofuata mteremko wa kigae, mstari mzuri unaenda pikseli mbili pembeni moja chini, mbili pembeni moja chini, ukienda tofauti na hapo unaonekana umevunjika. Goti la pantografu halifuati mteremko huo kwa sababu linapanda, nimejaribu kulichora kwa rangi nyeusi likaonekana ni uchafu kwenye skrini, kwa kijivu nyepesi likapotea juu ya changarawe. Iliyokubali ni rangi mbili, mkono wa chini kijivu kizito, mkono wa juu kijivu cha wastani, na upau wa kugusa waya pikseli nne nyeusi. Tundu kati ya mikono ni pikseli mbili za E7FFFF, na hizo mbili ndo zinafanya uone ni pantografu na sio kibiriti juu ya paa.

Pua nayo ina mambo yake. Ile ncha iliyochongoka ubavuni inasomeka vizuri tu, ngazi ya pikseli inashuka polepole alafu inakata. Shida ni picha ya treni inayokuja chini moja kwa moja, hapo unaiona kutoka juu na mbele kwa pamoja, gari limefinywa, pua inakuwa duara dogo na bila kivuli huwezi kujua kama ni pua au mgongo. Nimeongeza mstari wa kioo cha dereva, 57656F tena, ikapata uso.

PNG isafirishwe kama faili

Nimepokea karatasi ya mabehewa kutoka kwa kijana anayenisaidia kuchora, kazi nzuri sana, makeobj ikaipitisha bila kelele, kwenye gemu kila behewa limezungukwa na sanduku la samawati lenye mavumbi. Nimeivuta zumu, bakigraundi si rangi moja tena, ni mamia ya rangi zinazofanana na E7FFFF. Alikuwa ameituma kwenye app ya meseji kama picha, app ikaibana kuwa JPEG, na JPEG haijui pikseli moja moja, inakadiria eneo. Hakuna namna ya kuirudisha sawasawa, kizingiti ukipandisha kinakula bodi, ukishusha kinaacha vumbi. Ametuma upya kama dokumenti, ikafika salama. Sasa tumekubaliana, kila kitu kiende kimezipiwa, XCF na .dat humo humo.

Hali ilivyo

Garratt limeisha pande zote nane kwa vipande vyote vitatu, .dat imepita, amri ni ile ile makeobj pak128 ./ garratt59.dat na kimya maana yake limekubali. Rangi ya maruni nimeipunguza mwanga mara kadhaa maana kwenye ramani ya majani ilikuwa inapiga kelele, na matangi nimeyapa mstari mwepesi mmoja juu kuonyesha mviringo, basi.

Mchongoko upo nusu. Mabehewa ya kati tayari, yenye pua yana pande tano zilizokamilika, zilizobaki ni zile zinazoonyesha paa zaidi, na picha za paa ni ngumu kupata, watu wote wanapiga treni wakiwa wamesimama jukwaani. Mwenye picha aliyoipiga kutoka darajani au ghorofani, treni ikipita chini, nitashukuru, hata iwe na ukungu, nataka kujua tu vile visanduku vya AC vimepangwaje na pantografu imekaa behewa la ngapi.

Zikiisha hizo yanafuata mabehewa ya mizigo ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Hiyo ni reli ya milimita 1067, na Simutrans haina reli ya tatu, kwahiyo itabidi nichague iishi na Garratt au na Mchongoko, na nadhani nitaiweka na Mchongoko maana treni zake ni ndefu na nzito, ila bado sijaandika mstari huo kwenye .dat.